Bursi ya Masomo ya Juu Huombwaje?

Kila mwaka vyuo vikuu vya Bukavu, Butembo, Kisangani na Lubumbashi hutoa vijana wengi wenye diploma mkononi. Siku ya kutangazwa majina akina mama hupiga vigelegele, kuku huchinjwa, na babu huwekewa kiti cha mbele. Lakini majuma machache yakiisha kupita, kijana huanza kujiuliza: Sasa niende wapi? Kazi ni haba. Tena wako wale walioipenda elimu yenyewe, watakao kuendelea hata masta, hata doktora. Hao wote hugonga ukuta mmoja, yaani fedha. Mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi wa zahanati, mkulima wa kahawa wa Idjwi: nani kati yao awezaye kumlipia mwanawe miaka miwili huko Louvain au Leeds?

Ukuta huo una mlango. Ni msaada wa masomo, ambao watu wetu huuita bursi. Habari zake husimuliwa sana mjini, na nyingi si za kweli. Mmoja husema kwamba bursi ni ya wana wa wakubwa tu. Mwingine husema ni bahati nasibu: tupa karatasi zako, kisha ngoja. Wa tatu anamjua bwana fulani ambaye, akipewa dola mia tano, ataufungua mlango kwa ufunguo wake. Basi na ijulikane kwamba bursi kubwa za nchi za ng'ambo hutolewa kwa mashindano ya wazi, yenye sheria zilizoandikwa ambazo kila mtu aweza kuzisoma. Mwenye kushinda ni yule aliyeweza kuwaeleza watu wasiomjua kwa nini masomo hayo, kwa nini yeye, na nani atakayefaidika akiisha kurudi. Mtu huyo aweza kuwa mwana wa mchuuzi wa sambaza.

Wazee wanakumbuka nyakati ambapo mlango huo haukuwapo. Chini ya utawala wa Wabelgiji, kijana mweusi aliyetaka masomo makubwa aliyapata kwa njia ya seminari, na njia nyingine hakuiona. Thomas Kanza aliingia chuo kikuu cha Louvain mwaka 1952, na mwaka 1956 akawa Mkongomani wa kwanza asiye padri kuhitimu chuo kikuu. Lovanium, karibu na Leopoldville, ilikuwa imefunguliwa mwaka 1954 tu. Ilipofika siku ya Uhuru, tarehe 30 Juni 1960, wahitimu wa chuo kikuu katika nchi yote walikuwa wachache hivi kwamba darasa moja la shule lingewatosha wote kuketi. Ndipo milango ilipofunguliwa kwa ghafula, Brussels, Paris, Marekani, hata Moscow, ambako chuo kilichofunguliwa mwaka 1960 kilipewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata. Siku zile nchi za kigeni zilikuwa zikiwatafuta wanafunzi. Siku hizi wanafunzi ndio wanaozitafuta, na wabishao hodi ni wengi kuliko viti. Kwa hiyo namna ya kubisha hodi yenyewe imekuwa kazi ya kujifunza.

Barua mbili zisizofanana

Tuanze na kosa linalowaumiza watu kuliko yote. Kijana huandika kwa chuo kikuu cha Ulaya, na baada ya miezi mitatu hupata jibu: Tumekukubali. Jamaa hukusanyika na kushangilia. Shamba la mlimani huuzwa ili kulipa safari, maana wote wanaamini ya kuwa aliyekubaliwa amekwisha pata bursi. Kumbe chuo kimesema neno moja tu: Elimu yako yatosha kuketi katika madarasa yetu. Juu ya nani atakayelipa masomo, chumba na mkate, hakikusema neno.

Kukubaliwa ni barua moja. Kugharimiwa ni barua nyingine. Pengine hutoka mahali pamoja, pengine mahali pawili mbalimbali, na kila moja ina tarehe yake. Mwenye ile ya kwanza tu atasimamishwa katika ofisi ya viza. Ujerumani, kwa mfano, humtaka mwanafunzi asiye na bursi aonyeshe fedha zilizofungiwa benki kwa mwaka mzima, na mwezi wa Septemba 2024 kiasi hicho kiliwekwa kuwa euro 11 904. Ubelgiji hutaka fedha za namna hiyo, au mdhamini akaaye kwa haki, mwenye mshahara, atakayetia sahihi kwamba atamtunza mwanafunzi. Mjomba aliyeko Liège na kuahidi kwa simu, lakini hana kazi ya kudumu, si mdhamini mbele ya sheria. Afadhali jamaa wajue hayo kabla ya kuuza shamba.

Misaada yenyewe si ya namna moja. Iko inayolipa yote: masomo, ndege, bima ya ugonjwa, na posho ya kila mwezi. Iko inayoondoa ada ya chuo tu, ukabaki kutafuta chakula mwenyewe. Hiyo ni msaada wa nusu, na kwa mtoto wa maskini nusu hiyo yaweza kuwa mtego. Kwa watafutao doktora kuna njia ya tatu, inayotumika sana Marekani, ambapo chuo humwajiri mwanafunzi asaidie kufundisha au kutafiti, kikamsamehe ada na kumlipa posho. Huko humwandikia kwanza profesa ambaye kazi yake inafanana na yako, nawe uwe umezisoma kweli maandiko yake, kwa maana mwenye kusifu vitabu asivyovifungua hugunduliwa upesi. Mwisho kuna mkopo. Mkopo hulipwa. Mtu asiuite bursi.

Sasa tutaje milango michache iliyo maarufu. Katika Ubelgiji, shirika liitwalo ARES, linalounganisha vyuo vinavyofundisha kwa Kifaransa, limekuwa likitoa bursi za masta ya ubingwa ya mwaka mmoja kwa watu wa nchi kadha wa kadha, na Kongo ni mojawapo. Upande wa Waflandria kuna VLIR-UOS, ila masomo yake hufundishwa kwa Kiingereza. Ujerumani ina DAAD, iliyoanzishwa mwaka 1925. Katika masomo yake yahusuyo maendeleo, mwombaji hutakiwa awe na kazi ya miaka miwili baada ya diploma, na diploma yenyewe kwa kawaida isizidi miaka sita. Serikali ya Uingereza ina Chevening, iliyoanza mwaka 1983: masta ya mwaka mmoja, kwa mtu aliyefanya kazi walau saa 2 800, ambazo ni kama miaka miwili, naye huahidi kurudi kwao na kukaa miaka miwili. Tena Umoja wa Ulaya una Erasmus Mundus, ambayo mwanafunzi wake husoma katika nchi zaidi ya moja, hupewa euro 1 400 kila mwezi kwa muda usiozidi miezi 24, na hakuna ukomo wa umri.

Tumetaja miaka ya kazi mara mbili kwa makusudi. Vijana wengi hutaka kuondoka juma lile lile la kupokea diploma, kana kwamba miaka miwili ya kufundisha Walungu au ya kuhudumia wagonjwa Shabunda ni miaka iliyopotea. Kwa watoa bursi wengi, miaka hiyo ndiyo mali. Ndiyo inayompa mtu neno la kusema.

Kabla ya yote soma fungu la nani anaruhusiwa kuomba. Kila mwaka watu wetu hujisumbua kwa bursi za Jumuiya ya Madola, kwa sababu rafiki zao wa Kampala, Dar es Salaam au Kigali wamezipata. Rwanda iliingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2009. Kongo haimo. Hata barua ikiandikwa kwa maneno ya dhahabu, itawekwa kando.

Barua ya kujieleza

Tufike sasa penye kiini cha jambo. Katika fungu la karatasi utakazopeleka, diploma na alama zimekwisha andikwa na wengine, huwezi kuzibadili. Barua ya kujieleza huiandika mwenyewe, na hapo ndipo wengi huanguka. Huanguka si kwa kukosa akili, bali kwa kuandika kama watu waombao sadaka mlangoni mwa kanisa.

Tuseme kijana mmoja anaandika hivi: Mimi ni mwenye bidii, nami napenda masomo tangu utoto wangu. Nchi yangu ni maskini na imeharibiwa na vita. Nawasihi mnionee huruma, mnisaidie nipate kuendelea, nami nitaitumikia nchi yangu.

Je, amesema uongo? Hapana, huenda yote ni kweli. Lakini ayasomaye ni mtu aliyeketi mbele ya rundo la barua, na mia kati ya hizo zinasema maneno yale yale. Akiisha kuisoma, hajui kijana huyu amefanya nini, ameona nini, wala kwa nini anataka somo hili na si lingine. Atamhurumia, naam, kisha atamweka katika rundo la kushoto. Watoa bursi hawakukusanya fedha ili kumtuliza mwenye shida, maana wenye shida hawahesabiki. Wanatafuta mtu ambaye, akifundishwa yeye, wengi watapata nafuu.

Tutazame mwingine. Tuseme huyu ni mwenye lisanse ya kilimo, aliyefanya kazi miaka mitatu na wakulima wa Kabare. Huyu hasemi kwamba nchi yake ni maskini. Anasimulia ugonjwa wa mnyauko wa migomba, uliotambuliwa Kivu Kaskazini mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukaenea hata kusini. Anaeleza jinsi majani yanavyogeuka manjano na kulegea, na ndizi kuiva kabla ya wakati huku zimeoza ndani. Anajua ya kuwa kijidudu chake huchukuliwa na wadudu warukao kutoka ua la dume la mgomba mmoja hadi la mwingine, na pia na panga la mkulima mwenyewe. Dawa iliyohubiriwa ni kulivunja lile ua kwa kijiti chenye panda, na kupitisha panga katika moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Kisha anaandika neno lake mwenyewe: Katika kijiji nilichofanyia kazi, karibu kila mkulima aliijua dawa hiyo, lakini wengi waliiacha baada ya msimu mmoja. Niliuliza kwa nini. Wengine walisema kwamba jirani yao haitumii, basi kazi yao ni bure. Nataka kujifunza jinsi ya kupambana na ugonjwa wa mimea kwa kijiji kizima, wala si kwa shamba moja moja. Ndipo anapotaja masomo mawili au matatu yaliyomo katika programu ya chuo anachokiomba, anasema kwa nini anayahitaji hayo, na mahali atakaporudi kufanya kazi: labda kwa chama chake cha wakulima, labda katika kituo cha utafiti cha Mulungu.

Mnaona tofauti? Huyu wa pili hakuomba huruma hata kidogo. Ameleta swali. Swali hilo limetoka shambani, si kitabuni, na hakuna Mzungu wala Mwafrika mwingine aliye nalo kwa namna ile ile. Aisomaye barua hiyo husahau kidogo kwamba amechoka.

Mfano wa maisha ya kweli tunao hapa kwetu. Denis Mukwege, mwana wa mchungaji, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1955, alisomea uganga Bujumbura akifikiri atawatibu watoto. Alipofanya kazi katika hospitali ya Lemera aliwaona akina mama walioletwa kutoka milimani wakiwa wamechelewa, wengine wanakufa kwa kuzaa, wengine wanaharibika mwilini. Yale aliyoyaona yalimgeuza. Alikwenda Angers, Ufaransa, kujifunza tiba ya akina mama, na mwaka 1989 akarudi Lemera. Hospitali ya Panzi aliianzisha mwaka 1999, na tuzo ya Nobel alipewa mwaka 2018. Tazameni utaratibu wake: jicho liliona kwanza, ndipo masomo yakachaguliwa. Wengi wetu huanza kinyume, yaani huchagua nchi, kisha chuo, na mwisho hutafuta sababu.

Neno jingine juu ya barua hii. Siku hizi kuna programu za simu zimwandikiazo mtu barua nzima kwa nukta moja, kwa Kifaransa safi. Kijana hufurahi. Lakini programu hiyo haijafika Kabare wala haijaongea na yule mkulima na jirani yake. Itaandika yale yanayoweza kusemwa na mtu yeyote, na ndivyo ilivyoandika barua ya kwanza tuliyoitaja. Itumie kusahihisha herufi ukipenda. Habari iwe yako. Na ukipewa nafasi ya maneno 500, usiandike 700. Mwenye kuvunja sheria ndogo mlangoni ataaminiwaje ndani?

Karatasi na majina

Hapa tutasema mambo makavu, lakini ndiyo yaliyowanyima wengi.

La kwanza ni jina. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliyakataza majina ya Kizungu, na watu wakaandikwa majina ya jadi. Baadaye majina ya ubatizo yakarudi. Tangu hapo kila ofisi huandika ipendavyo. Msichana mmoja huwa na jina la ubatizo katika cheti cha shule, hana katika diploma ya serikali, na katika pasipoti majina mawili yamebadilishana nafasi na herufi moja imepotea. Sisi twajua ni yeye. Karani wa Bonn hajui. Kwake hao ni wasichana watatu. Linganisha karatasi zako zote leo, kabla hujaomba cho chote. Penye tofauti, itakubidi upate hati ya komini au hukumu ya mahakama, na jambo hilo huchukua miezi.

La pili ni jina la diploma. Katika utaratibu wetu wa zamani, gradua ilikuwa miaka mitatu, na lisanse ilikuja juu yake kwa miaka miwili, jumla mitano. Katika utaratibu mpya ulioanza na mwaka wa masomo 2021-2022, lisanse ni miaka mitatu, kisha masta miwili, kisha doktora mitatu. Neno ni moja, vitu ni viwili. Mwenye lisanse ya zamani asipoeleza, huenda akahesabiwa ana miaka mitatu tu na kukosa haki yake. Kwa hiyo andika idadi ya miaka, na uambatanishe alama za kila mwaka.

La tatu ni lugha. Cheti cha Kiingereza cha IELTS au TOEFL hudumu miaka miwili, na mtihani wake hupita dola 200. Usiufanye mapema mno ukaoza, wala usiuache hata mwisho.

La nne ni barua za mashahidi, yaani wale watakaosema habari zako. Vijana wa parokia hupenda kumwendea Baba Askofu, kwa kuwa muhuri wake ni mkubwa. Lakini ikiwa Baba Askofu amekuona siku ya Kipaimara tu, ataandika nini? Ataandika kwamba u Mkristu mwema. Hilo ni jema, ila halimwambii mtu kama unajua hesabu. Afadhali mwalimu aliyesimamia kazi yako ya mwisho, au sista mkuu wa zahanati aliyekuona ukikesha na wagonjwa. Paroko naye afaa sana kama ulifanya kazi chini yake, shuleni au katika ofisi ya Caritas. Umwendee kwa heshima, mwezi mmoja kabla, ukiwa na karatasi zako mkononi: Bwana Profesa, nimekuja kukuomba ushuhuda. Hii ni barua yangu, haya ni masomo ninayoyaomba, na tarehe ya mwisho ni hii. Ukimjia usiku wa kuamkia siku ya mwisho, atakupa mistari minne, na utakuwa umestahili hiyo minne.

Yakupasa pia kujua saa. Maombi mengi hupelekwa kwa intaneti, na saa inayohesabiwa ni ya kwao. Ikisemwa saa sita ya mchana ya London mwanzoni mwa mwezi wa kumi, Bukavu ni saa saba. Nasi twajua umeme wetu. Mwaka 2025, miji ya Goma na Bukavu ilipoangukia mikononi mwa M23, benki zilifungwa, na viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vikasimama. Waliokuwa wamehifadhi nakala za karatasi zao mahali pengine, kwa rafiki au katika barua za intaneti, walishukuru. Nakala moja ya kila karatasi ikae nje ya nyumba yako.

Tumrudie sasa yule bwana wa dola mia tano. Chevening, DAAD na ARES hazimtozi mtu fedha kwa kuomba bursi. Vyuo vingine hudai ada ndogo ya kufungua maombi ya kuingia chuoni, nayo hulipwa kwa chuo chenyewe, kamwe si kwa simu ya mtu. Ukipokea habari kwamba umeshinda bursi usiyoiomba, au ukiambiwa ulipe kabla ya jua kuchwa, jua ya kuwa wewe ndiwe bursi ya mwingine. Jamaa wenye kutaka kusaidia kweli wana pa kuweka fedha zao: pasipoti, tafsiri ya diploma, mtihani wa lugha, safari ya viza ambayo mara nyingi hufika hata Kinshasa. Hizo watoa bursi wengi hawazirudishi, na kijana mwenye barua nzuri aweza kukwama kwa ajili ya nauli. Shirika moja la Kikristu mtaani likichanga kidogo kidogo laweza kumvusha.

Ninyi wazazi

Kwenu wazazi tuna maneno mawili. Posho ya bursi imehesabiwa kwa tumbo moja. Mwanenu akipewa euro 1 400 kwa mwezi, mkazigeuza kuwa franka, mtaona ni utajiri. Huko kodi ya chumba huula sehemu kubwa, kisha chakula, treni, na koti la baridi. Wako wanafunzi waliofanya kazi za usiku ili kulipa ada za wadogo zao wanne, wakashindwa mitihani, na bursi ikakatwa. Patana naye kabla hajaondoka: atatuma nini, na lini. Akisema hawezi kitu mwaka wa kwanza, mwamini.

La pili ni juu ya mabinti. Binti mwenye lisanse akiisema bursi nyumbani, huulizwa atakaporudi ana miaka mingapi, na nani atamwoa. Swali hilo kaka yake haulizwi. Na ikiwa ameolewa na ana mtoto, wengi humwona amekwisha fungiwa mlango. Sivyo. Masta nyingi ni za mwaka mmoja. Mume na nyanya wamewalea watoto kwa muda mrefu kuliko huo baba wa nyumba alipokwenda kuchimba dhahabu. Watoa bursi wengi huandika wazi kwamba wanawake wanakaribishwa, na wao ndio wasioleta maombi. Wahudumu wa wazazi, walimu wa shule za wasichana, wenye kujua sheria za mirathi na mashamba: Kivu na Katanga zinahitaji wanawake wenye elimu hiyo, na hawatapatikana ikiwa kila mmoja ameambiwa angoje.

Kazi hii yote huchukua zaidi ya mwaka. Chevening hupokea maombi kuanzia mwezi wa nane hadi mwanzoni mwa wa kumi, huwasikiliza waliochaguliwa mapema mwaka unaofuata, na masomo huanza Septemba au Oktoba. Programu nyingi za Erasmus Mundus hupokea kati ya Oktoba na Januari. Mwenye kutaka kwenda mwaka kesho yampasa kuanza leo kulinganisha majina yake.

Na akijibiwa hapana? Watoa bursi wengi hawaelezi sababu. Barua huwa fupi na ya adabu. Mara nyingi maana yake ni kwamba viti vilikuwa vichache. Kuomba tena si aibu wala si kosa, na walioshinda mara ya pili au ya tatu si wachache. Kwa hiyo usizitupe karatasi. Mpe barua yako mtu asiyekujua, akisha kuisoma mwulize amekumbuka nini. Asipokumbuka kitu, anza hapo. Pasipoti ingalipo, cheti cha lugha kingali hai, mashahidi wangali na nakala za barua zao, na mwezi wa nane mlango utafunguliwa tena.